Kabla ya kuandika "make install": namna ya kutengeneza paketi ya seva ya imeli kutoka chanzo



Wiki jana mdogo mmoja wa mwaka wa mwisho wa informatiki aliniandikia: "Yaya, minataka kukompile Postfix mimi mwenyewe mu seva ya service yetu. Iko muzuri ao hapana?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimeandika ukurasa mzima. Juu swali hilo limeshanigharimu, na si mimi peke yangu. Liliwagharimu vijana kama ninyi, waliotuma CV zao na hazikusomwa kwa wakati. Basi nalijibu hapa ili faida iwe ya wote.

CV ZILIZOKWAMA MLANGONI

Miaka michache iliyopita nilikuwa natunza seva ya imeli ya kampuni moja ndogo upande wa Mutoshi, mojawapo ya zile zinazochukua vibarua vya migodi: usafiri, chakula, usafi. Seva yenyewe ilikuwa kompyuta moja chini ya meza ya sekretari. Ilikuwa na Debian, na betri za kuisaidia siku umeme unapokatika. Programu ya kupokea na kutuma imeli ilikuwa Postfix.

Siku moja nilitaka majina ya watumiaji yakae kwenye hifadhidata ya MySQL badala ya kukaa kwenye faili ya kawaida. Nikajaribu, Postfix ikakataa: haijui MySQL. Sikutafuta zaidi. Nikashusha msimbo wa chanzo, nikaufungua, nikaandika `make` na maelekezo ya MySQL, kiisha `make install` juu ya ile Postfix iliyokuwepo. Jioni ile ilikuwa inatembea. Nikajiona injinia kweli. Sikuandika popote nilichofanya.

Miezi ikapita. Ijumaa moja usiku seva ikajisasisha yenyewe, kama nilivyokuwa nimeipanga. Debian ilikuwa imetoa marekebisho ya usalama ya Postfix. Seva ikayashusha na kuyaweka mahali pake. Haikujua kwamba mafaili yaliyokuwa pale ni yangu. Kwa daftari lake, Postfix iliyoko ni ile iliyoletwa na paketi. Ikaandika juu ya mafaili yangu, ikaweka yake, ambayo haijui MySQL.

Kuanzia usiku ule, kila imeli iliyogonga mlango ilijibiwa kwa namba 451. Maana yake: kuna tatizo la muda, rudi baadaye. Sasa elewa hapa njo kuna hatari. Seva inayotuma ikijibiwa hivyo haimwambii mtumaji mara moja kwamba imeshindwa. Inaweka barua kwenye foleni na kujaribu tena na tena. Postfix, kwa mipangilio yake ya kawaida, inaendelea kujaribu kwa siku 5 kabla ya kurudisha barua. Kwa hiyo waliotuma hawakuona kosa lolote. Kwao imeli "imetumwa".

Na wiki ile kampuni ilikuwa imetangaza nafasi tatu za kazi. Mwisho wa kupokea dosye: Jumatatu saa 16:00.

Jumanne asubuhi sekretari akanipigia simu: "Papa informatisiye, bana ba leo banataka kazi kweli? Nafasi tatu, dosye tisa tu!" Nikafungua logi. Tangu Ijumaa usiku seva kutoka kila upande zilikuwa zinagonga na kurudishwa, zinagonga na kurudishwa. Na kilichoniuma zaidi: logi yenyewe ilikuwa inaniuliza, mstari baada ya mstari, kama nimeweka paketi ya `postfix-mysql`. Kumbe Debian ilikuwa nayo tangu zamani! Paketi ndogo, amri moja. Nilikuwa nimekompile kitu ambacho tayari kipo.

Nikaiweka. Dakika mbili. Imeli hazikuingia zote mara moja, kwa sababu kila seva ina ratiba yake ya kujaribu tena, na kadiri inavyoshindwa ndivyo inavyongoja zaidi. Zingine zilifika mchana, zingine kesho yake. Nilimwendea mkubwa wa kazi nikamwambia kosa ni langu, si la vijana. Alikubali kusoma zilizochelewa, lakini nafasi mbili kati ya tatu zilikuwa zimeshapata watu. Dada mmoja ninayemfahamu, mwenye lisansi yake ya mazingira, aliniambia baadaye: "Yaya, mimi nilituma samedi asubuhi, nililipa siberi na pesa ya transport." Sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku ile nimejifunza kitu ambacho darasani hatukukisoma vizuri. Kukompile ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kutengeneza paketi.

MAWE NA KATHODI

Sisi wa Kolwezi tuna bahati, mfano tunao mlangoni. Msimbo wa chanzo ni kama mawe yanayotoka shimoni. Shaba imo ndani, lakini mawe hayo huwezi kutengenezea waya. Yanasagwa, yanaoshwa kwa asidi, shaba inatolewa kwa umeme, mwishoni unapata kathodi: bamba safi, lenye uzito unaojulikana, lenye alama ya lilikotoka. Kukompile ni kusaga na kuosha. Paketi ni kathodi.

`make install` inafanya nini? Inasaga mawe na kumwaga shaba moja kwa moja ndani ya nyumba yako: faili hii huku, ile kule. Inafanya kazi, ndiyo. Lakini hakuna orodha ya kilichomwagwa wapi. Ukitaka kuondoa, hujui uondoe nini. Anayekuja baada yako hajui hata kwamba kuna kitu kilimwagwa.

Paketi, iwe `.deb` ya Debian na Ubuntu au `.rpm` ya upande wa Red Hat, ni sanduku lenye vitu vitatu. Kwanza, mafaili yenyewe yaliyokwisha kukompile, kila moja na mahali pake. Pili, karatasi ya maelezo: jina, toleo, nani kaitengeneza, inategemea paketi gani nyingine. Tatu, maagizo madogo ya kufanywa kabla na baada ya kuweka, kwa mfano kuunda mtumiaji wa mfumo au kuwasha huduma upya. Mfumo unaandika yote hayo kwenye daftari lake. Ukisema `dpkg -S` pamoja na njia ya faili, unaambiwa faili ile ni ya paketi ipi. Ukisema ondoa, mfumo unajua cha kuondoa.

Kwa seva ya imeli jambo hili ni kubwa kuliko kwa programu nyingine. Programu ya kuchora ikiharibika, wewe njo unateseka. Seva ya imeli ikiharibika, wanaoteseka ni watu usiowajua, na wao hawajui kama wanateseka.

QMAIL: WAKATI KUKOMPILE ILIKUWA LAZIMA

Wengine watauliza: nani bado anajenga paketi za imeli mwenyewe? Kulikuwa na wakati ambapo hapakuwa na njia nyingine, na hadithi yake inafaa kujulikana.

Mu miaka ya 1990 seva nyingi za imeli duniani zilitumia Sendmail ya Eric Allman, programu yenye nguvu lakini iliyojulikana kwa matundu ya usalama. Watu watatu wakaja na majibu tofauti. Philip Hazel wa Chuo Kikuu cha Cambridge alianza Exim mwaka 1995. Wietse Venema, akiwa IBM, alitoa Postfix mwishoni mwa 1998. Na Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Marekani, alitoa qmail. Toleo lake la 1.03 ni la Juni 1998.

Qmail ilisifiwa sana kwa usalama, lakini ilikuwa na sharti moja gumu. Bernstein hakuruhusu watu wasambaze qmail waliyoibadilisha ikiwa imeshakompiliwa. Chanzo unaweza kupata, marekebisho unaweza kuandika, lakini sanduku lililo tayari hapana. Matokeo yake, Debian haikuweza kukupa qmail kama inavyokupa programu nyingine. Ilikupa paketi iitwayo `qmail-src`: ndani yake kuna chanzo na maagizo, na wewe mwenyewe, kwenye mashini yako, unakompile na kutengeneza `.deb` yako. Upande wa Red Hat nao, QmailToaster ilitoa paketi za chanzo ambazo kila mtu alijijengea nyumbani.

Novemba 2007 Bernstein aliachilia qmail iwe mali ya umma, na kizuizi kikaisha. Lakini angalia walichofanya watu wa wakati ule. Hata walipolazimika kukompile, hawakuishia `make install`. Walitengeneza paketi, wakaiweka kwa njia ya kawaida ya mfumo. Walijua kitu ambacho mimi nilikuja kukijua kwa machozi ya wengine.

Kwetu Afrika pia elimu hii ilitembea. Kikundi cha waendesha mitandao wa Afrika, AfNOG, kilianza warsha zake Cape Town mwaka 2000, kikapita Kampala 2003 na Nairobi 2006, na kusimamisha seva za imeli lilikuwa moja ya masomo. Si elimu ya wazungu tu, ndugu zangu.

JIULIZE KWANZA

Kabla hujashusha chanzo, jiulize maswali haya kwa utaratibu:

Je, kitu ninachotaka hakipo tayari kama paketi ndogo ya kuongeza? Andika `apt search postfix` na usome orodha yote. Mimi ningefanya hivi tu, hadithi ya juu isingekuwepo.

Je, hakipo kwenye hazina ya backports ya Debian, ambayo inaleta matoleo mapya kwa mfumo wa zamani?

Je, kuna tundu la usalama lisiloweza kungoja? Juni 2019 lilitangazwa tundu kubwa la Exim, kwenye matoleo 4.87 hadi 4.91, lililoruhusu mtu wa mbali kuendesha amri kwenye seva. Mara nyingi mfumo wako unatoa marekebisho haraka, basi sasisha tu. Lakini kama unatumia toleo ambalo halihudumiwi tena, utalazimika kujenga mwenyewe, au bora zaidi, kuhama.

Ukimaliza maswali yote na bado unahitaji kujenga, sawa. Tuanze.

HATUA KWA HATUA

Natumia Debian na Postfix kama mfano. Programu nyingine kama Exim au Dovecot zinafuata njia ile ile.

1. Usijengee kwenye seva yenyewe. Tumia laptop yako au mashini pepe yenye toleo lile lile la Debian lililoko kwenye seva. Ukijengea kwenye toleo jipya, paketi itadai maktaba ambazo seva haina, nayo itakataa kuwekwa.

2. Ruhusu mfumo ulete chanzo. Kwenye orodha ya hazina za apt, ongeza mistari ya `deb-src`. Kiisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install build-essential devscripts`
`sudo apt build-dep postfix`

Amri ya mwisho inaleta kila kitu kinachohitajika kuikompile Postfix. Hapa njo mega zinaliwa. Chanzo cha Postfix chenyewe hakifiki mega 10, lakini zana za kukompile ni nzito. Fanya mahali penye intaneti nzuri, mara moja tu.

3. Leta chanzo, ukiwa mtumiaji wa kawaida, si root:

`apt source postfix`

Utapata mafaili matatu muhimu: chanzo kama kilivyotoka kwa mwandishi, kazi ya Debian juu yake, na faili ya `.dsc` inayoorodhesha hayo mawili pamoja na namba za kuyahakiki. Ndani ya folda iliyofunguliwa kuna folda nyingine iitwayo `debian`. Hiyo njo roho ya paketi. `control` inasema paketi inaitwaje na inategemea nini. `rules` inasema namna ya kukompile. `changelog` inasema nani kabadilisha nini na lini. `patches` ni marekebisho juu ya chanzo. Tenga saa moja, zisome. Utajifunza kuliko kwenye tutorieli kumi.

4. Fanya mabadiliko yako, na uyaandike. Kama ni chaguo la kukompile, liko ndani ya `rules`. Kama ni marekebisho ya msimbo, badilisha kisha tumia `dpkg-source --commit` ili yahifadhiwe kama faili mu `patches`. Usibadilishe kimya kimya.

5. Ipe paketi toleo lake. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo ingeniokoa:

`dch --local +kolwezi "Sababu ya mabadiliko, tarehe, nani aliomba"`

Kama toleo lilikuwa 3.7.11-1, litakuwa 3.7.11-1+kolwezi1. Kwa macho ya mfumo, hilo ni kubwa kuliko 3.7.11-1, kwa hiyo halitarudishwa nyuma. Lakini ni dogo kuliko 3.7.11-2. Maana yake Debian ikitoa toleo kubwa kama hilo, litachukua nafasi ya lako. Nitarudi hapo. Ukiwa na shaka, `dpkg --compare-versions` itakupa jibu.

6. Jenga:

`dpkg-buildpackage -us -uc -b`

Herufi hizo zinasema: usitie saini kwa sasa, na jenga masanduku tu. Kwa laptop ya kawaida Postfix inachukua dakika chache. Ikimaliza, `.deb` zinakungoja kwenye folda ya juu. Ukishazoea, jifunze `sbuild` au `pbuilder`, zinazojengea kwenye chumba safi kisicho na takataka za laptop yako.

7. Kagua kabla ya kuamini. `dpkg -I` inaonyesha karatasi ya maelezo, `dpkg -c` inaorodhesha mafaili, na `lintian` inakutajia makosa ya utengenezaji.

8. Jaribu kwenye mashini pepe kwanza: `sudo apt install ./` ikifuatwa na jina la faili. Kiisha uliza Postfix yenyewe: `postconf -m` inaorodhesha aina za majedwali inazozijua. Unatafuta MySQL? Ione kwa macho yako. `postfix check` inakagua mipangilio. Na programu ya `swaks` inakusaidia kutuma imeli ya majaribio na kuona kila jibu la seva.

9. Ukiwa na uhakika, nenda kwenye seva. Hifadhi nakala ya `/etc/postfix`, angalia foleni kwa `postqueue -p`, na tunza `.deb` ya zamani pembeni. Ikiharibika, unairudisha ile ya zamani kwa dakika moja. Hii `make install` haiwezi kukupa.

Sasa ona faida kwa sisi tunaoishi huku. Paketi ukishaijenga mara moja, unaibeba kwenye flashi. Kama una seva tatu, moja mjini, moja Mutoshi, moja njia ya Likasi, huhitaji kukompile mara tatu wala kununua mega mara tatu. Na huhitaji kubaki kwenye seva saa nzima ukiomba umeme usikatike katikati ya `make`. Hakikisha tu umebeba na zile paketi ambazo yako inazitegemea.

Kwa wale wa Rocky au AlmaLinux: badala ya folda ya `debian` kuna faili ya `spec`, badala ya `dpkg-buildpackage` kuna `rpmbuild`, na chumba safi kinaitwa `mock`. Akili ni ile ile.

METOREX YA NANI?

Kuna swali lingine: mawe haya yanatoka wapi?

Wote mnaijua metorex, kile kifaa kama bastola kinachopima kiasi cha shaba na kobalti kwenye mawe. Wachimbaji wa mkono wanalalamika kila siku: mnunuzi wa depo anapima kwa metorex yake, anasoma yeye, anasema yeye, na bei anatoa yeye. Unaamini vipi?

Kwenye programu tunafanya ujinga ule ule. Tunashusha chanzo kutoka tovuti fulani, halafu tunakihakiki kwa namba iliyoandikwa kwenye tovuti ile ile. Kama mwizi kaingia kwenye tovuti na kubadilisha chanzo, atashindwa kubadilisha namba? Hiyo ni metorex ya muuzaji.

Hili lilitokea kweli. Mwishoni mwa Septemba 2002 mtu aliingia kwenye seva ya kusambaza Sendmail na kuweka toleo 8.12.6 lenye sumu. Lilikaa pale hadi tarehe 6 Oktoba. Sumu ile haikuwa ndani ya Sendmail iliyokompiliwa. Ilifanya kazi wakati wa kukompile. Ukiandika `make` tu, mashini yako inafungua mlango kwenda kwa mwizi, kwa uwezo wa yule aliyekompile. Aliyekompile akiwa root alimpa mwizi nyumba nzima. Lakini saini ya PGP haikulingana, kwa hiyo aliyehakiki saini kwa `gpg --verify` alikamata udanganyifu kabla.

Ndiyo maana nikasema: usikompile ukiwa root, usikompile kwenye seva yenyewe, na hakiki saini kwa ufunguo ulioupata kwa njia nyingine. Ukitumia `apt source`, kazi kubwa ya uhakiki inafanywa kwa ajili yako, kwa sababu hazina ya Debian imetiwa saini.

Hata hivyo saini inakwambia nani kafunga mfuko. Haikwambii kama moyo wake ni safi. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye mashini yake kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia nusu sekunde hiyo hadi akakuta sumu ndani ya xz, toleo 5.6.0 na 5.6.1, iliyowekwa na mtu aliyekuwa amepewa kuitunza programu ile. Nusu sekunde, jamani. Na mimi siku tatu nzima sikuangalia logi.

Wenye kumbukumbu wanakumbuka mradi wa Mutoshi, kati ya 2018 na 2020, kwenye eneo la Chemaf, pamoja na ushirika wa COMIAKOL, shirika la Pact na mnunuzi Trafigura. Walitaka wachimbaji wa mkono wafanye kazi ndani ya uzio, kwa usalama zaidi, na mawe yafuatwe kutoka shimoni hadi kwa mnunuzi. Kila mmoja ana maoni yake juu ya mradi ule. Lakini swali lake la msingi ni lile lile la paketi: kitu hiki kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, na naweza kuthibitisha?

PAKETI YAKO NI MTOTO WAKO

Nilisema nitarudi kwenye matoleo. Ukishajenga paketi yako, wewe njo umekuwa mtunzaji wake. Debian ikitoa 3.7.11-2 ya usalama, una njia mbili. Ya kwanza: kuzuia kwa `apt-mark hold postfix`, ili toleo lako lisiguswe. Hapo umefunga mlango kwa marekebisho ya usalama pia, na siku ukisahau, tundu linabaki wazi. Ya pili: kuacha mlango wazi, lakini kufuatilia matangazo ya usalama ya Debian na kujenga upya kila linapotoka jipya. Mimi nazuia, na papo hapo nafuatilia matangazo. Tarehe naziandika kwenye daftari la karatasi. Kama huna muda wa kufanya hivyo, usijenge. Sisemi kwa kukutisha. Ni hesabu tu.

Jambo lingine ni kumpa mwingine ufunguo. Weka folda yako ya `debian` kwenye git. Andika ukurasa mmoja: kwa nini tulijenga, tulibadilisha nini, namna ya kujenga upya, namna ya kurudi nyuma. Mpe stajeri wako ajenge mbele yako, wewe ukae kimya. Akikwama, ukurasa wako haujakamilika. Sisi huku watu wanahama kazi kila mwaka, leo Kolwezi, kesho Lubumbashi au Fungurume. Seva inabaki. Usimwachie mdogo wako seva yatima.

Na mwisho, weka mlinzi. Kwenye seva ile, baada ya tukio, niliandika programu ndogo: kila saa imeli ya majaribio inatoka kwenye akaunti ya nje, na isipofika ndani ya dakika 30 napata ujumbe kwenye simu. Mistari kama ishirini ya shell. Ningekuwa nayo Ijumaa ile, ningejua kabla ya kulala.

Mdogo wangu uliyeniuliza, jibu langu ni hili: kwanza tafuta kama kipo tayari. Kama hakipo, jenga, lakini jenga paketi, uipe jina lako na sababu yako. Na siku ya kuiweka, kumbuka kwamba upande wa pili wa mlango ule kuna mtu amelipa siberi na transport, anaona "imetumwa", anarudi nyumbani akiwa na tumaini.

Yule dada alipata kazi kwingine mwaka uliofuata. Tukikutana bado ananitania: "Yaya, seva iko mzima?" Namjibu iko mzima. Nikifika nyumbani, naangalia logi tena.